Mananasi Yasiyoliwa ya Mchafukoge

Kuruthumu Mwinyimvua anajua weupe wa aina tisa. Kuna weupe wa maziwa, wa chokaa, wa pembe, wa mchele uliooshwa, na aina nyingine tano ambazo hazina majina lakini hazimpotei. Kwa miaka ishirini na sita ameuza vifungo na zipu katika duka dogo la Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mafundi cherehani humletea kipande cha kitambaa kama mtu anayepeleka damu kupimwa. Yeye hukitazama mara moja, hutia mkono kwenye boksi, na kifungo kinachotoka ndicho. Hajawahi kurudishiwa.

Jicho hilo ndilo lililomfanya apande mananasi yasiyoliwa.

Hivyo ndivyo majirani wanavyoyaita, na hawajakosea sana. Bromelia ni ndugu wa nanasi. Majani yake hutoka kwenye shina fupi na kujipanga duara, kama shada, ila nyingi hazina mpango wa kuzaa tunda la kuweka mezani. Zimejaliwa rangi. Mwaka jana, kabla mambo hayajaharibika, Kuruthumu alikuwa nazo mia moja themanini na sita, juu ya paa la jengo la ghorofa tatu huko Mchafukoge. Baba yake alikuwa msimamizi wa jengo hilo, na vyumba viwili vya paani alivyoachiwa ndimo yeye anamoishi na binti yake, Najma.

Zipo zenye majani ya rangi ya fedha na ua la waridi katikati. Zipo zenye mistari ya kahawia iliyokingama, ambazo yeye huziita Punda Milia. Zipo ambazo moyo wake hugeuka mwekundu zinapokaribia kuchanua, na hizo ameziita Kisutu, kwa sababu zinamkumbusha kanga ya bibi harusi. Majina ya vitabuni anayajua pia. Ameyaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya kadi za vifungo, kimoja kwa kila chungu, maana katika kundi la WhatsApp la wakusanyaji, watu arobaini na kitu kuanzia Arusha hadi Mtwara, ukituma picha bila jina sahihi utachekwa mpaka Ijumaa.

Aina moja tu haikuwa na jina la kitabuni. Miaka minne iliyopita, kwenye kitako cha Kisutu mmoja, lilichomoza chipukizi lenye ukingo mweupe ambao Kuruthumu hakuwa ameuona popote, hata kwenye vifungo. Aliuita Weupe wa Kumi. Wakusanyaji wanne waliomba mtoto wake wa kwanza kabla hajazaliwa.

Tatizo la bromelia ni kikombe. Majani yanapokutana katikati hutengeneza kisima kidogo, na humo mmea huhifadhi maji yake ya kunywa. Maji hayo yakitulia, mbu huyapenda kuliko mmea wenyewe.

Mwezi wa tano, baada ya mvua za masika, Dipti aliugua. Ni mtoto wa miaka sita, mjukuu wa Mzee Harilal wa ghorofa ya pili, mwenyekiti wa kamati ya jengo. Ilikuwa homa ya dengue. Alilazwa siku tano. Siku ya sita Harilal alipanda paani akiwa na afisa afya, dada mmoja mwembamba aitwaye Joyceline, aliyebeba bakuli jeupe, tochi na bomba dogo la kunyonyea maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Angalia ngazi ya mwisho, imelegea."

Joyceline alichagua Kisutu mmoja bila kuuliza, akazamisha bomba katikati ya moyo mwekundu, akanyonya, akamwaga ndani ya bakuli. Viluwiluwi vinne vya mbu vilijikunja na kujikunjua juu ya ule weupe.

"Umeona?" alisema Harilal. "Umeona, Mama Najma? Maua yenyewe hayaliwi, hayanukii, kazi yake kufuga mbu."

"Kila Jumapili nabadilisha maji, mzee."

"Jumapili hadi Jumapili ni siku saba," Joyceline alisema kwa upole. "Kwa joto hili, mama, mbu anahitaji hizo hizo saba. Unamlea, unamsomesha, Jumapili unafika kumwaga maji, mwenyewe keshahitimu."

Harilal hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi sisemi ni mbu wako aliyemuuma Dipti. Nasema sijui. Na wewe hujui. Mtu akishafika hapo, afanye nini? Kamati inataka paa liwe tupu."

Kuruthumu aliinama juu ya bakuli, akavihesabu vile viluwiluwi. Hakuwa mtu wa kubisha kitu kilichomo ndani ya bakuli.

"Sheria ninayoisimamia mimi haigusi mimea," Joyceline alisema. "Inagusa mazalia ya mbu. Nakupa siku ishirini na moja. Nitakuja siku nitakayotaka, sitapiga simu. Nikikuta kiluwiluwi kimoja, kimoja tu, zote zinashuka."

"Na usipokuta?"

"Nisipokuta, mimi sina ugomvi na maua."

"Na kamati je?" Kuruthumu alimgeukia Harilal.

"Kamati itafuata neno la afisa," alisema Harilal. Alilisema kama mtu anayeamini kwamba anajua neno hilo litakavyokuwa.

Kesho yake mchana Kuruthumu alifunga duka, akavuka kwenda Gerezani. Kule, nyuma ya maduka ya vipuri, kuna karakana ya Abdulswamad, fundi wa kusuka upya mota zilizoungua, ambaye mkewe alikuwa mteja wake wa zipu. Kuruthumu alikuwa amekumbuka kitu alichokiona pale zamani: ndoo ya maji machafu yenye mabaki ya waya wa shaba, maji yaliyokaa wiki nyingi, na hakuna kiluwiluwi hata cha dawa.

"Kopa haipatani na mbu," Abdulswamad alithibitisha. "Ndoo ile pale ina mwezi. Chungulia. Ukiona hata mmoja anapunga mkono, niite."

"Nipe mabaki ya waya, basi."

"Mama, na wewe umeanza kusuka mota?"

"Nasuka mananasi."

"Haya, yakiwaka moto usinitaje."

Alirudi na mfuko uliojaa. Jioni hiyo na iliyofuata alikata waya kwa mkasi wa bati, urefu wa kidole, akazikunja kama herini, akatia moja moja kwenye kila kikombe. Alianza na zile alizozipenda zaidi. Weupe wa Kumi alipata ya kwanza, tena mbili, kisha Kisutu zote, kisha Punda Milia, kisha zile za fedha. Waya ukamwishia kabla ya mstari wa mwisho, ule wa ukutani, wenye mimea ishirini na miwili ya kawaida kabisa ambayo mtu yeyote huipata kwenye bustani za kando ya barabara. Mstari huo aliuambia utasubiri, akawa anaumwaga maji kila asubuhi kwa mkono.

Baada ya siku nne alichukua bakuli lake mwenyewe, jeupe kama la Joyceline, akanyonya vikombe hamsini. Hakuna kitu. Siku ya saba akarudia. Hakuna kitu. Alituma ujumbe kwenye kundi la wakusanyaji, bila kueleza siri yake: *Mbu wamehama Mchafukoge.* Wakampigia makofi ya vikaragosi.

Siku ya kumi aliona doa la kahawia kwenye kitako cha majani ya ndani ya Weupe wa Kumi. Mtu mwingine asingeliona. Kuruthumu aliliona akiwa mlangoni, kwa sababu lilikuwa limeugusa ule ukingo, na ukingo ule haukuwa tena na rangi yake. Akasogea. Alishika jani la katikati kwa vidole viwili, akalivuta kidogo tu, kama anayejaribu uzi. Likatoka zima. Chini lilikuwa limelainika na linanuka kama ndizi iliyosahauliwa kabatini.

Alipita mimea yote. Kisutu kumi na wanne walikuwa na doa. Punda Milia tisa. Za fedha, kadhaa. Alifikiri ni jua. Alifikiri ni maji ya bomba yenye dawa. Kisha akafika mstari wa ukutani akasimama. Mimea ile ishirini na miwili, ile ya kawaida, ambayo haikupata waya, ilikuwa mizima. Jua lilikuwa lile lile, na maji yalikuwa yale yale.

Alisimama pale akiwa na jani bovu mkononi. Hata hivyo hakutaka kuamini kwa kuona mara moja tu, kwa hiyo akashuka kwa Bi Shobhana.

Bi Shobhana ni mke wa Harilal, na ndiye aliyemwingiza Kuruthumu katika mambo haya. Miaka kumi na moja iliyopita alipanda paani na bromelia tatu ndani ya beseni la plastiki, akasema, "Chukua wewe, mimi hazinipendi. Kila ninayoimwagilia inaoza moyo." Kuruthumu alizichukua, zikapona, zikazaa. Kwa miaka yote hiyo alidhani mkono wake ni mwepesi.

Sasa alisimama kwenye mlango wa jiko, akiuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Bi Shobhana, zile bromelia zako za kwanza. Ulikuwa unazimwagilia kwa kitu gani?"

"Kwa maji. Ungetaka nizimwagilie kwa chai?"

"Maji ya wapi?"

Bi Shobhana alionyesha kwa kidevu. Kwenye rafu, karibu na picha za miungu yake, palikuwa na lota ya shaba, chombo kidogo cha maji, imesuguliwa hadi inang'aa. Kila usiku wa maisha yake amelaza maji humo kwa ajili ya ibada, na asubuhi akampa mrehani mtakatifu wa barazani. "Yanayobaki nilikuwa nazipa zile nanasi zako. Maji safi kabisa, yaliyoombewa. Nilidhani nazifanyia hisani."

Kuruthumu alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Kuna nini? Mbona umepauka?"

"Shaba ni sumu kwa bromelia. Wewe umeziua kwa hisani na mimi kwa akili yangu. Na wewe angalau ulikuwa na dua."

Mabega yakaanza kumtikisika Bi Shobhana kwa kicheko alichojaribu kukizuia. Kuruthumu alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Walicheka mpaka Dipti akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Alikuwa bado na mashavu yaliyobonyea. Kuruthumu aliacha kucheka kabla ya mwenzake.

Jioni hiyo alitoa shaba yote, kipande kimoja kimoja. Zilizokwisha kuoza moyo zilikuwa arobaini na moja. Weupe wa Kumi ilikuwa mojawapo, na haikuwa imeacha mtoto. Aliing'oa, akaikung'uta mchanga, akaitia kwenye mfuko wa takataka pamoja na nyingine, na kibandiko chake juu. Najma, ambaye ana miaka ishirini na tatu na anafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja mjini, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, si uache tu? Zishuke, basi. Umri huu unahangaika na majani."

"Nishike beseni hilo."

"Nakuuliza kwa upendo."

"Na mimi nakuomba beseni kwa upendo."

Zilibaki mia moja arobaini na tano, na siku kumi na moja, na afisa angeweza kuja siku yoyote kati ya hizo. Hakukuwa na dawa. Mafuta yangeziba pumzi za mimea, sabuni ingeunguza majani, na zile zilizoonja shaba zilihitaji kuoshwa, si kukaushwa. Kilichobaki ni maji na mkono. Mayai ya mbu hushikamana na kuta za kikombe, juu kidogo ya maji, kwa hiyo kupindua chungu hakutoshi. Ni lazima maji yaingie kwa nguvu, jani kwa jani, yatoke na kila kitu. Kuruthumu alinunua bomba la kupulizia la lita tano, lile la mgongoni la wakulima, akaliosha mara tatu ingawa lilikuwa jipya. Kwa somo la shaba, alikuwa amejifunza kuogopa vyombo.

Maji ya simtanki la paani ni ya jengo zima, na Harilal alikwishasema hataki kusikia tone lake limeingia kwenye vyungu. Kuruthumu hakuomba. Aliteka kwenye bomba la chini, uani, akapanda nayo. Ngazi ni sitini na nane. Kila siku alipandisha ndoo tatu baada ya swala ya alfajiri, akapiga maji mpaka saa moja na nusu, akaoga, akaenda Kariakoo. Siku ya tatu ya kazi hiyo goti la kulia lilimkatalia kwenye ngazi ya hamsini na kitu. Alikaa pale dakika mbili, akalikanda, akaendelea. Siku ya tano fundi mmoja alimletea kitambaa cha sare ya shule, naye akatoa kifungo kisichokuwa chenyewe. Fundi akamtazama kama aliyeona kituko.

"Dada Kuruthumu, umelala kweli?"

"Nimelala. Vidole ndivyo havijalala. Nipe tena hicho kitambaa."

Joyceline alikuja siku ya kumi na tisa ya zile ishirini na moja, saa nane mchana. Najma, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, ndiye aliyepiga simu. Kuruthumu alimwachia jirani ufunguo wa duka, akatembea kutoka Narung'ombe bila kukimbia, maana alijiambia kwamba kama wapo wapo, na kukimbia hakutamuua hata mmoja.

Harilal alikuwa tayari paani, amejikinga jua kwa gazeti. Joyceline alisalimia, akaanza kazi. Hakufuata mstari. Aliruka huku na huku, alichagua zilizokuwa kwenye kivuli, zilizokuwa nyuma ya nyingine, zilizokuwa na majani yaliyobanana. Kila mara alinyonya, akamwaga kwenye bakuli, akamulika. Kuruthumu alihesabu kimya kimya. Kwenye ya kumi na saba, kitu kilielea. Joyceline aliinama, akakisukuma kwa ncha ya bomba. Kilikuwa kipande cha jani.

Alipomaliza ya thelathini, alimwaga maji ya mwisho kwenye mfereji na kunyoosha mgongo.

"Sina neno," alisema.

Harilal alikunja gazeti polepole. Si mtu mbaya, na hakuwa anatafuta ushindi. Aliuliza lile ambalo babu yeyote angeuliza.

"Leo hakuna. Nimeona kwa macho yangu. Je, ukiumwa, Mama Najma? Ukisafiri? Goti hilo ninaliona unavyolipandisha."

Joyceline alianza kufuta bakuli lake. Alimwachia Kuruthumu jibu.

Swali lenyewe halikuwa geni kwake. Alikuwa amelibeba siku tisa kwenye ngazi sitini na nane, pamoja na ndoo.

"Sitini," alisema.

"Sitini nini?"

"Zitabaki sitini. Mia moja arobaini na tano naziweza nikiwa mzima. Nimejipima. Sitini naziweza nikiwa na homa, na Najma anaziweza kabla ya kwenda kazini hata akiwa amenuna."

"Mimi?" alisema Najma.

"Akiwa amenuna sana," alisema Kuruthumu.

"Na hizo nyingine?" Joyceline aliuliza. "Maana ukizigawa mtaani, mama, nitaanza kuzifuata nyumba kwa nyumba."

"Hazigawiwi mtaani. Ninawajua wanaoweza kufuata siku. Asiyeweza hapati, hata akinililia."

Harilal alimtazama kama anayesubiri sehemu ya pili ya maneno, ile ya kuomba kuongezewa. Haikuja.

"Nani kakuambia sitini?" aliuliza hatimaye. "Mimi sikutaja idadi."

"Hukutaja, mzee. Nimetaja mimi."

Kuchagua kulimchukua Jumapili nzima. Alizipanga chungu kwa chungu kama anavyopanga vifungo, akajilazimisha kutoangalia uzuri. Aliangalia upana wa kikombe, urahisi wa kuosha, wingi wa majani yanayoficha maji. Punda Milia watatu ambao mpangilio wao aliupenda sana waliondoka kwa sababu majani yao yalibanana mno. Vyungu themanini na vitano vilienda Morogoro, Arusha, Mtwara na Kigamboni, kwa basi na kwa watu waaminifu, kila kimoja na kibandiko cha kadi ya vifungo. Upande mmoja ulikuwa na jina la aina. Upande wa pili ulikuwa na maneno matano kwa wino mzito: *Osha kikombe kila siku tatu.* Mkusanyaji mmoja wa Arusha aliandika kwenye kundi kuuliza kama ni lazima. Kuruthumu alimjibu kwamba si lazima, arudishe tu mmea.

Jumanne iliyofuata, mapema asubuhi, Harilal alipanda paani peke yake, na tochi mkononi. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakusema amekuja kufanya nini. Aliinama juu ya chungu kilichokuwa karibu, akamulika ndani ya kikombe. Akahamia cha pili. Akahamia cha tatu, akasonya kidogo, si kwa hasira. "Hakuna."

Kuruthumu alikuwa anafunga mikanda ya bomba mgongoni. Angeweza kumwacha aendelee na mstari ule ule mpaka achoke na kushuka.

"Anzia wa ukutani, mzee," alisema. "Huo bado sijaupiga maji, zamu yake ni leo. Kama wapo, watakuwa huko."

Harilal aligeuka. Kisha alienda ukutani, akashika magoti yake kwa mikono miwili, akainama. Kuruthumu alipampu mara ishirini mpaka bomba likakaza, akamfuata. Kila chungu ambacho mzee alimaliza kukimulika, yeye alikipiga maji.